Mshale Uliolala Ubavu

Dup.

Nilikuwa chini ya jukwaa, sioni ila mbao, lakini mlio ule niliujua. Jiwe zima likigongwa hulia kama kengele. Hili lilikohoa.

Nikapanda ngazi. Juu ya lango la ngome nilimkuta Gervase, fundi mkuu, ameshika nyundo, pamoja na Hamo, mwashi anayepanga mawe ninayoyachonga mimi.

"Thurstan, leo huimbi?" Gervase akasema. "Njoo utazame kazi yako."

Jiwe lilikuwa na ufa na uso wake unabanduka. Alama yangu, mshale, ilikuwa palepale. Kila mchongaji ana yake, nami siwezi kuikana yangu. Gervase akanieleza, kwa upole uliozidi, kwamba lango hili ndilo adui zetu Wawelisi watakalolijia kwanza, kwa hiyo nifunge patasi zangu niondoke. Mchongaji aliyefukuzwa ngome moja hapokelewi nyingine. Hilo hakulisema, sote tulilijua.

Nikautazama mshale. Siku zote nauchonga ukielekea upande uliokuwa juu jiwe lilipolala ardhini machimboni, ili mwashi alilaze vivyo hivyo. Sasa ulielekea ubavuni, upande wa mto Teme. Jiwe langu lilikuwa limesimamishwa wima, matabaka yake yakiipokea mvua kama maganda ya kitunguu. Lingelazwa inavyopasa lingekuwa fupi kwa nafasi ile, na kungoja jingine kungechelewesha lango.

Nikamuuliza Hamo nani kalisimamisha. Akawa anaufuta mwiko ambao tayari ulikuwa safi.

"Mimi napanga ninavyoambiwa, mdogo wangu."

Wala hakunitazama mimi. Alimtazama Gervase.

Ndipo nilipoyaona mapipa ya chokaa uani. Tulikuwa tumeambiwa kuta zitapakwa paa likishaisha, na paa lilikuwa bado mbavu tupu. Nikauliza haraka hii ya nini. Gervase akajibu kwamba mwenye ngome anapenda weupe. Hamo akacheka, kisha akajifanya vumbi limemkaba.

Nikaweka patasi zangu chini, mbele ya miguu ya Gervase.

"Paka, fundi mkuu. Paka hata mara mbili. Mimi sitoki hapa, uninyime mkate usininyime. Siku mwenye ngome atakapokuja, nitapanda ngazi hii mbele ya macho yake, niikwangue chokaa yako, nimwonyeshe mshale wangu unaelekea wapi. Nakuahidi, na Hamo ni shahidi."