Spika ya Mama Mkwe

Chiriku hakupewa jina hilo kwa udogo wa mwili. Alipewa kwa ajili ya mdomo. Tangu asubuhi anapoondoa kitambaa kilichofunika cherehani yake hadi jioni anapokirudisha, mdomo wake ulishona kuliko sindano. Cherehani ilikaa sebuleni, nyuma ya kochi kubwa, na ndiyo maana sebule ile haikuwahi kuwa tupu. Huyu kaja kupunguziwa gauni, yule kaja kuchukua sare za watoto, na mwingine hana hata kipande cha kitambaa, kaja kusikiliza tu. Huyo asiye na kitambaa mara nyingi alikuwa Msusi wa nyumba ya pili, shoga yake wa kufa na kuzikana.

Na mbele yao wote, kwenye kochi, aliketi mama mkwe, uso kwa tivii, kisogo kwao.

Mama mkwe alikuja kukaa na mwanawe baada ya kuumia goti, na haukupita muda Chiriku akawa ametoa hukumu: mama hasikii. Ushahidi ulikuwa wazi. Kila tamthilia ikianza, mama anainama mbele, anakunja uso. "Wanasema nini hao? Ongeza sauti, mwanangu." Sauti inaongezwa mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, na mama bado: "Eh? Kasema nini huyo mwenye kilemba?" Basi Chiriku akautangazia mtaa kuwa masikio ya mama yameondoka pamoja na goti. Watu wakawa wakiingia wanampigia kelele kama wanamwita ng'ambo ya mto: "SHIKAMOO, MAMA!" Naye anaitikia taratibu, "Marahaba, msinipasue kichwa," nao wanacheka, wakijua hicho ni kiburi cha uzee.

Ukweli usemwe, uziwi ule ulikuwa neema. Tivii ikinguruma, cherehani ikikimbia, feni ikizunguka, nani atamchunga nani? Yalisemwa ya mwenye duka na mkewe anayefungasha masanduku kila wakigombana. Yalisemwa ya yule mwanamume mpangaji wa juu anayeanika nguo za kike ilhali anaishi peke yake. Na kadiri ulimi ulivyozoea, yakasemwa na ya mama mkwe mwenyewe, pale pale, juu ya kisogo chake.

Hapo ndipo Chiriku alipolikoroga. Chumba cha mama kilikuwa na dirisha pana kuliko yote nyumbani, mwanga unaingia kama umealikwa. Hicho ni chumba cha fundi, si cha mtu wa kulala! Siku moja akamwambia Msusi, bila hata kushusha sauti:

"Nimeshamwambia mume wangu kuwa mama ana hamu ya kwenda kukaa kwa wifi. Nimemwambia mama anasononeka hapa, hata tivii haisikii."

"Na mama kasema hivyo kweli?"

"Kasema wapi! Nimesema mimi kwa niaba yake. Akishaondoka, mle ndani natia meza ya kukatia, kioo kikubwa na mapazia mapya. Wateja wakija wajue wameingia kwa fundi, sio stendi."

"Chiriku, una roho ya mamba wewe."

"Nina roho ya fundi. Wifi naye akae na mama yake, kwani kazaliwa na jiwe?"

Wakacheka mpaka Msusi akashika ukuta. Mama mkwe hakugeuka. Alikuwa amekazia macho tivii, kichwa kimeelemea upande mmoja, kama kuku anayeangalia punje.

Jumamosi mume akarudi mapema. Alikuwa dereva wa gari la mikate, mtu mpole, asiyejua kugombana hata na kona mbovu. Kwapani alikuwa na boksi jembamba, refu.

"Shemeji, nini hicho?" Msusi akadakia. "Jeneza la nyoka?"

"Saundiba hii, shemeji. Spika ndefu, inakaa chini ya tivii." Akamgeukia mkewe, uso unang'aa. "Si uliniambia mama anasononeka kwa kuwa hasikii? Nikawaza njia nzima. Mama hawezi kuhama kwa ajili ya sauti. Acha ihame sauti."

Chiriku akatabasamu kwa meno matupu. Uongo wake mwenyewe ndio uliokwenda dukani, ukachagua, ukarudi na boksi.

Dereva akapiga magoti nyuma ya tivii. Waya wa kwanza akauchomeka tundu la kwanza aliloliona. Kimya. "Bubu hiyo," akasema Msusi, "mwenzake mama." Dereva akafunua karatasi ya maelekezo, akaisoma kwa kidole, akarudi tena nyuma na kulitafuta tundu la kutolea sauti, lenye maandishi madogo ARC. Safari hii sauti ikatoka, tena sehemu mbili: tivii inasema, spika inarudia, kila mtu wa kwenye tamthilia anazungumza na mzimu wake. Watoto wa jirani waliochungulia mlangoni wakaangua kicheko. Dereva hakukata tamaa. Akachukua rimoti, akaingia kwenye mipangilio ya sauti, akazima spika za tivii yenyewe na kuiachia saundiba peke yake.

Sebule ikatulia. Mwanamke wa kwenye tamthilia akavuta pumzi kabla ya kulia, na pumzi ile ikasikika kama yuko pale pale kwenye zulia.

Mama mkwe akainua mkono. "Punguza."

"Nipunguze, mama?"

"Punguza, mwanangu. Anayelia ni yeye, mbona mnataka nilie mimi?"

Ikapunguzwa. "Bado." Ikapunguzwa tena, hadi Chiriku, nyuma ya kochi, akawa anaokota neno moja moja. Mle ndani ya tamthilia mzee mmoja akanong'ona jambo sikioni mwa mwenzake, na mama mkwe akacheka. Akacheka peke yake, kabla ya mtu mwingine yeyote kuelewa kilichochekesha.

"Unasikia, mama?" Dereva aliuliza, machozi yakimlenga.

"Nasikia kila kitu, mwanangu."

Kila kitu. Sindano ikamchoma Chiriku kidole.

Tangu hapo hakuwa na raha. Alianza kumpima mama mkwe. Aliangusha mkasi sakafuni, kishindo kikubwa. Mama hakugeuka. Chiriku akashusha pumzi. Baadaye, akiwa jikoni, akajisemea chini kwa chini, "Chumvi nimeiweka wapi?" na kutoka sebuleni ikaja sauti tulivu: "Nyuma ya unga." Akasimama na mwiko mkononi kama aliyeona kivuli cha mtu mahali pasipo na mtu. Bahati tu, akajiambia. Mama anajua chumvi hukaa wapi. Lakini moyo ukamjibu: na nani alimwambia kuwa unaitafuta?

Kila neno la mama likawa na mfuko wa ndani. Akisema, "Leo kuna joto," Chiriku anajiuliza amemaanisha nini. Akikaa kimya, ni vibaya zaidi. Alasiri moja alikuwa amekunja uso akijaribu kutunga uzi, mama akasema bila kumtazama:

"Mle chumbani kwangu mtu angetunga uzi bila miwani. Lile dirisha si la mchezo."

Kiwiko cha Chiriku kikakiangusha kikombe cha chai kilichokuwa kando ya cherehani.

"Pole, mwanangu. Kimekuunguza?"

"Hapana, mama. Mkono tu umeteleza."

"Mkono huteleza," mama akasema, akarudi kwenye tamthilia yake.

Chiriku hakungoja kupangusa chai. Alitoka mpaka nyumba ya pili, akamkuta Msusi ana kichwa cha mteja mapajani, nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

"Umemwambia mama mkwe wangu?"

"Nimemwambia nini?"

"Habari ya chumba. Dirisha. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Msusi akaacha kusuka. "Mimi? Nimwambie kiziwi? Ningemwambia kwa filimbi?"

"Si kiziwi tena! Na mdomo wako, shoga, mlango usio na komeo."

"Looo! Chiriku leo anamwambia mtu habari za mdomo!" Msusi akamwinamia mteja wake. "Dada, umesikia? Mvua inalilaumu bomba kwa kulowesha watu. Nenda zako, mama. Nenda kamtafute mchawi wako nyumbani kwako."

Chiriku akarudi mikono mitupu, bila shoga na bila jibu. Akaanza kufuta vumbi. Akafuta kabati, akafuta fremu za picha, akafika nyuma ya tivii, mahali ambapo kitambaa hakikuwahi kufika tangu iliponunuliwa. Kidole kikagusa safu za vitundu vidogo. Akainama kuangalia. Zilikuwa spika zenyewe za tivii, zile alizozima mumewe. Na zilikuwa zimetazama nyuma. Zimebanwa na ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

Akabaki ameinama pale.

Kumbe miaka yote tivii ile ilikuwa ikiongea na ukuta. Sauti ilitoka nyuma, ikagonga ukuta, ikafika kwenye kochi imechakaa, na njiani ilikutana na feni na cherehani. Mbona wao wengine hawakulalamika? Kwa sababu hawakuwa wakisikiliza. Wao walikuwa wakisema. Aliyekuwa akisikiliza nyumba nzima ni mmoja tu, naye ndiye waliyemwita kiziwi.

Na kama hakuwa kiziwi wa tivii, hakuwa kiziwi wa chochote. Watu walikuwa wakisema nyuma ya kisogo chake, na kati yao na masikio yake hapakuwa na ukuta. Chiriku akaanza kukumbuka. Roho ya mamba. Jiwe. Kasema wapi, nimesema mimi. Akaona uso wa mumewe siku atakapojua kuwa mkewe alimtungia mama yake maneno. Mume yule hakuwa mtu wa kelele, na hilo ndilo lililomtisha: angekaa kimya, na Chiriku hakujua kuishi na mtu aliyenyamaza. Neno moja tu la mama, na nyumba hii itabaki kuta.

Na mama alikuwa akingoja nini kulisema neno hilo?

Jumapili akajua. Wifi alikuja mchana, na kiatu hakijavuliwa, Msusi naye akaingia, bado amevimba, lakini kununa ni jambo moja na kukosa habari ni jambo jingine. Sebule ikajaa. Dereva akachukua rimoti, akazima tivii. Ukimya ule Chiriku hakuwahi kuusikia katika chumba kile.

"Mama," Dereva akaanza, "dada huyu hapa. Mke wangu aliniambia una hamu ya kwenda kukaa kwake. Mimi nimeweka spika, lakini sitaki kukulazimisha. Sema mwenyewe leo, tukusikie."

Mama mkwe akavua miwani. Akaipangusa kwa ncha ya khanga, kioo kimoja, kisha cha pili. Msusi alikuwa ameacha kutafuna ubani wake.

"Nani kasema nina hamu?"

"Mke wangu, mama."

"Eh." Akamtazama Chiriku, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho. "Ni kweli, alisema. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema pia kuwa wifi yake hakuzaliwa na jiwe."

Chiriku akamtupia Msusi jicho.

"Mimi na jiwe?" Wifi akakaa wima. "Jiwe gani tena, wifi?"

"Alikuwa anakusifu," mama akasema. "Kwamba una huruma, utanipokea. Au nilisikia vibaya, mkwe wangu?"

"Hapana, mama," Chiriku akasema, sauti nyembamba kama uzi. "Ulisikia vizuri."

"Nashukuru. Maana hapa walishanizika na masikio yangu." Akavaa miwani. "Siendi kokote. Kwa binti yangu nitakwenda kutembea, tena nitakula nishibe. Ila nina ombi. Huyu mkwe wangu anaharibu macho yake kwenye kona ile. Ihamishieni cherehani chumbani kwangu, pale dirishani. Pana nafasi ya meza ya kukatia." Akamgeukia Chiriku. "Na kioo kikubwa. Na mapazia mapya. Wateja wakija wajue wameingia kwa fundi, sio stendi."

Msusi akapaliwa na mate yake mwenyewe, akakimbilia uani kukohoa.

"Mama, una moyo wa ajabu," Dereva akasema, akamshika mkono. Akamgeukia mkewe. "Umesikia?"

"Nimesikia," Chiriku akajibu. Na kwa mara ya kwanza alikuwa amesikia kweli, kila silabi na kilicho chini yake.

Siku ya pili cherehani ikakaa dirishani. Mwanga uliingia kama alivyouota, ukamwagika juu ya meza, juu ya sindano, juu ya mikono yake, na juu ya mama mkwe aliyeketi kitandani, mto mgongoni, umbali wa kunyoosha mkono. Hapakuwa na feni, wala tivii. Sebuleni saundiba ilikuwa ikimsomea Dereva taarifa ya habari, safi, peke yake.

Msusi alikuja, kama kawaida. Akasalimia kwa sauti ya kanisani, akakaa ukingoni mwa kiti, akatazama dari. Chiriku akatunga uzi mara moja tu, bila miwani. Akafungua mdomo. Akamwona mama. Akaufunga.

Mguu wake ukasukuma pedali, mashine ikakimbia upindo mzima mpaka mwisho.

"Mbona kimya?" mama mkwe akauliza, akijivuta akae vizuri. "Yule mke wa mwenye duka, mlimwacha amebeba masanduku yuko mlangoni. Alitoka au hakutoka? Nimekaa nangoja muendelezo tangu mlipoleta hiyo spika yenu."

Chiriku akamtazama Msusi. Msusi akamtazama Chiriku. Hakuna aliyejua kama huo ulikuwa mwaliko au mtego, na kwa uso wa mama mkwe hutaambulia kitu.

"Alitoka, mama," Chiriku akasema mwishowe, akichagua maneno kama anayekata hariri. "Lakini mimi sikuwepo. Nimesikia tu."

"Haya," mama mkwe akasema, kichwa kikielemea upande mmoja. "Sema basi. Na usipige kelele."