Bustani ya Mama Vifungo

Mama Vifungo alikuwa anakunja pindo la sketi ya shule, mguu kwenye pedeli ya cherehani, aliposikia ubaridi kisiginoni. Nyasi zilikuwa zimeota sebuleni. Zilianzia mlangoni, zikapita chini ya kochi hadi kwenye kabati la vyombo. Hazikuwa magugu, zilikuwa zile laini za kupandwa. Akasogeza kochi lisizikandamize, akaendelea na pindo lake.

Wifi yake alikuja kuchukua gauni, akavua viatu mlangoni.

"Wameshakupaka kijani huko halmashauri," alisema. "Ramani mpya imebandikwa. Kiwanja chako ni bustani ya umma."

"Bustani si ilikuwa kwa jirani?"

"Jirani kajenga ghala, wifi. Ghala haliwezi kukaa bustanini, ndiyo wakakuletea wewe."

Mchana watu wakaanza kuja. Ukuta wa mbele ulijisogeza pembeni, kama mtu anayepisha mkokoteni. Wastaafu walikaa na magazeti yao karibu na jiko. Wachumba wawili walichagua chumbani, kwa kuwa mti ulioota kando ya kitanda ulikuwa na kivuli kizuri. Mama Vifungo aliwapelekea wote maji ya kunywa. Hakuweza kumtazama mtu aliyeingia kwake akikaa na koo kavu.

Kesho yake alikwenda kwa afisa wa mipango miji.

"Inawezekana kabisa, mama," afisa alimwambia. "Unaomba kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka bustani kwenda makazi. Unaweka tangazo kwenye kiwanja, mwenye pingamizi analeta, halafu kamati inakuja kukagua. Ikikuta ni nyumba, rangi inarudishwa."

"Na jirani yangu aliweka tangazo?"

"Aliweka. Ndani ya ghala."

Mama Vifungo aliweka lake nje, penye jua, kila apitaye alisome. Pingamizi lilikuja moja tu, la mwenye ghala. Alisema mtaa hauwezi kukosa bustani, watoto watacheza wapi.

Siku ya ukaguzi Mama Vifungo aliamka mapema kujiandaa kwa wageni. Alimwagilia nyasi, akazipunguza kwa mkasi wa kukatia vitambaa, kona kwa kona, hata uvunguni mwa kitanda. Majani ya mti aliyafuta vumbi kwa kitambaa kibichi.

"Ungeziacha zikauke," wifi yake alimnong'oneza.

"Waheshimiwa waje wakute kwangu kumekauka? Watanifikiriaje?"

Kamati ilifika, ikakaa nyasini, ikanywa maji. Mwenyekiti alilegeza tai, akavua soksi, akasinzia kidogo. Alipoamka aliwatazama wastaafu, wachumba na vipepeo waliokuwa wakiruka juu ya cherehani.

"Mama, tuseme ukweli," alisema kwa upole. "Nyumba gani inatunzwa namna hii?"

Ombi likakataliwa. Halmashauri ilimpongeza kwa barua, ikaleta benchi na mlinzi mwenye filimbi. Mama Vifungo alihamishia cherehani kwenye benchi, akaona mwanga pale ni mzuri zaidi kwa kutunga uzi.

Jioni mlinzi alipuliza filimbi. Wastaafu wakakunja magazeti, wachumba wakajikung'uta majani. Mlinzi akamsubiri Mama Vifungo amalizie kifungo cha mwisho.

"Tunafunga, mama," alimwambia. "Nenda nyumbani ukapumzike."

Mama Vifungo akamshukuru, akakata uzi kwa meno, akatoka na wenzake.