Tanzia Iliyotaka Kumfikia Mama

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimekufa, tena kwa tangazo.

Niliingia studio kama siku zote, zeze begani, kichwani vichekesho vya kuutosha mkoa mzima na vingine vikabaki. Mimi ni Yoshua Chidumizi, mpiga zeze, mchekeshaji na mtangazaji. Dodoma hii, asiyenijua basi redio yake haina betri. Nimefukuzwa kwenye kwaya, kwenye vilabu vya pombe na kwenye nyumba mbili za kupanga kabla watu hawajagundua kuwa kumbe nachekesha. Kwa hiyo siogopi kitu.

Nasalimu kwa Kigogo chetu, "Mbukwenyi, wasikilizaji!"

Maikrofoni inageuza shingo. "Marehemu hatangazi."

"Marehemu nani?"

"Wewe. Tanzia yako imesomwa sasa hivi. Imesema habari zimfikie mama yako mzazi popote alipo. Imeshaondoka kwenda kumfikia."

Nachungulia dirishani. Kweli bwana, Tanzia huyo barabarani, kavaa suti nyeusi, muziki wa maombolezo unamfuata nyuma kama mbwa.

"Na akimfikia?"

"Basi imekuwa kweli. Redio haisemi uongo."

"Hata kipindi changu?"

"Hicho ni burudani," inasema, na inajizima.

Naruka dirishani, natua uani kwa mama, kijijini. Jua la mchana limewaka. Mama yuko kwenye kigoda, anapepeta uwele. Tanzia naye amefika, amesimama penye ua wa miiba, anasafisha koo.

"Tanzia haisomwi watu wakicheka," unaninong'oneza ungo wa mama. "Ni adabu. Mchekeshe mama yako mpaka muda wa matangazo uishe."

Kazi nyepesi, isipokuwa mama yangu hajawahi kucheka kichekesho changu hata kimoja. Natoa kile cha mbuzi aliyekwenda kuungama, kilichowaangusha watu vitini.

Mama anapuliza makapi. "Ulipochelewa kutembea, baba yako alisema utakuwa na akili. Bado nasubiri."

Natoa kingine. Natoa na kile ninachowahifadhia wageni rasmi. Mama anaokota kijiwe kwenye uwele, anakitupa. Tanzia anafungua kinywa: "Tunasikitika ku..."

"Wewe! Tangu lini Mgogo akazikwa bila Mhehe?"

Ni Tulamwona Luhanga, Mhehe wa Iringa, mtani wangu. Na kwetu msiba una sheria yake: mtani akiingia, hata maiti anamsubiri. Anaweza kumwiga marehemu, kumtukana, kulala kwenye mkeka wake, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika.

"Mama, fungia mbwa," nasema. "Mhehe kaja na njaa."

"Nyamaza, maiti! Mgogo hata akizikwa, mkono unabaki nje unaomba."

Tulamwona anatandika mkeka, analala chali, mkono mmoja juu, kiganja wazi. Kisha anaanza kuniiga. Ananiiga ninavyokohoa kabla ya kusema, ninavyolitamka jina langu taratibu kama mtu anayelamba asali. Ananiiga ninavyocheka mwenyewe, peke yangu, kabla kichekesho hakijaisha.

Hapo masikio yananiwaka moto. Mimi? Mbele ya mama yangu? Miguu inaanza kupoa, kidole kwa kidole.

"Angalia," unasema ungo. "Hapa wewe ndiye maiti na wewe ndiye mfiwa. Ukimkasirikia mtani, umekufa kweli."

Ubaridi umefika magotini. Nimepigwa na maisha mara nyingi, na nilichojifunza ni kimoja: kama lazima uchekwe, shika ala. Nashusha zeze. Tulamwona akikohoa, nami nakohoza zeze. Akilitamka jina langu, nalivuta kwa upinde wa zeze mpaka linakuwa refu kuliko reli. Akicheka peke yake, zeze linacheka peke yake.

Mama anaacha kupepeta. Mdomo unamcheza. Anaufunika kwa kanga, kanga inatikisika.

"Ndiye huyo!" anapasuka mama kwa kicheko. "Ndiye huyo huyo, toka ananyonya!" Anaanguka na kigoda chake, uwele unamwagika, kuku wanashangilia.

Tanzia anasubiri kwa heshima. Kila akifungua kinywa, mama anaanza upya. Mara angani inalia saa ya redio, piii, muda wa matangazo umekwisha. Tanzia anafuta macho kwa tai, anasema, "Poleni kwa usumbufu," na anaondoka na muziki wake.

Nikaamka. Asubuhi imekucha, simu inaita. Mama.

"Yoshua, u mzima?"

"Mzima, mama. Kuna nini?"

"Hakuna. Nimeamka mbavu zinaniuma kama mtu aliyecheka kutwa. Na unanijua, mimi na kucheka wapi na wapi."

"Jikande maji ya moto," nikamwambia. "Ila mama, tafadhali. Wahehe wasisikie."