Herufi Nilizokuwa Nazo

Kisima kilimfukia mume wangu Leopoldi mchana, akiwa chini anaongeza kina kwa sababu maji yalikuwa yamekimbia. Mimi nilikuwa juu navuta ndoo. Nilisikia udongo ukishuka, kisha kamba ikalegea mkononi. Nilipochungulia, magogo yaliyozuia kuta yalikuwa yamelaliana katikati ya shimo, yamebeba udongo, na chini yake giza tupu. Niliita mpaka sauti ikanikauka. Hakujibu.

Kijijini kwetu Ulyankulu mtu akipatwa na janga haachwi peke yake. Walikuja wote. Katekista Nikolaus alikuja na wanakwaya wa kigango, wakaanza kuimba. Gervasi, mdogo wake Leopoldi, alikimbilia kule wanakochonga barabara kwenye njia ya zamani ya misafara, akarudi na kijiko, lile gari la kuchimbia udongo, na dereva wake, Silasi. Kijiko kiliposogea, ardhi ilitetemeka hadi kwenye nyayo zangu, na udongo wa ukingoni ukaanza kumwagika ndani.

Hapo ndipo niliposikia bomba. Lilikuwa bomba la chuma la kunyonyea maji, tulikuwa tumelishusha hadi chini kabisa. Nililishika, nikahisi mkwaruzo mmoja. Kisha mitatu. Nikapiga magoti, nikabandika sikio.

Leopoldi alikuwa skauti alipokuwa akisoma Tabora mjini, na huko ndiko alikojifunza Morse, zile alama za simu za zamani ambazo kila herufi ina nukta na mistari yake. Tulipooana akataka na mimi nijue. Tuliifanyia mezani: kugonga ndiyo nukta, kukwaruza ndiyo mstari. Nilimwambia tuanze na jina langu, Demetria. Akakataa, eti tuanze na nyepesi. E, I, S na H ni kugonga tu. T, M na O ni kukwaruza tu. Halafu A na N, ambazo nilizichanganya, naye akanicheka. Mimi si mtu wa kuchekwa nyumbani kwangu. Nilimwambia mimi si simu ya reli, nikaenda kupika, na masomo yakaishia hapo.

"Katekista, naomba mnyamaze," nikasema. "Leopoldi anaongea."

Waliniangalia kwa huruma, kama mtu aliyechanganyikiwa, lakini wimbo ukakatika. Injini ya kijiko ikabaki inanguruma.

"Shemeji, hayo ni mawe yanagonga bomba," Gervasi akasema. "Hewa inamwishia kule chini. Tuache tuchimbe."

"Silasi, zima kidogo tu. Nakuomba."

Silasi alimtazama Gervasi, akanitazama mimi, akazima.

Mkwaruzo mmoja: T. Mitatu: O. Kisha kugonga na kukwaruza, na hapo ndipo nilipokuwa nikikosea siku zote. Kugonga kwanza ni A. Nikaendelea kuzitamka moja moja kwa sauti, watu wananisikiliza, mpaka alipoanza upya na nikazisikia tena zile zile.

"Toa mashine," nikasema. "Anasema toa mashine."

Gervasi akatikisa kichwa. "Nani hapa anaita mashine? Sote tunasema kijiko. Hata yeye leo asubuhi amenilalamikia kijiko kimeharibu shamba lake. Shemeji, unasikia unachotaka kusikia."

Shaka ikaniingia. Kama nimekosea, tutachimba kwa mikono na Leopoldi atakosa hewa. Kama niko sahihi na nikinyamaza, magogo yataachia na udongo wote utamshukia kichwani. Nikalitamka lile neno kijiko polepole, herufi kwa herufi, na machozi yakanitoka palepale.

"K sijui," nikamwambia. "J pia sijui. Hakunifundisha. Gervasi, anachagua maneno ya herufi nilizo nazo."

Gervasi akamgeukia Silasi. "Rudisha nyuma. Taratibu."

Walichimba kwa majembe na ndoo, wakizuia kuta kwa mbao walizong'oa kwenye bani letu la kukaushia tumbaku. Mimi sikuondoka kwenye bomba. Niligonga neno moja tu, hema, hema, avute pumzi. Mara ya kwanza alinijibu kwa neno hilohilo. Baadaye kikaja kitu nisichokijua: kukwaruza, kugonga, kugonga. Kimya. Tena kile kile. Kimya. Kila kikirudi kilikuwa dhaifu zaidi. Hofu ilinishika vibaya, maana kama alikuwa amesahau ninachojua, basi akili ilikuwa inamtoka.

"Fanyeni haraka," nikawaambia, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Walimfikia jua likiwa linashuka. Alitoka na mguu uliovunjika na mdomo uliojaa mchanga, lakini alitoka anapumua. Kwenye pikapu ya kwenda hospitali nilimlaza kichwa mapajani. Nikakwaruza bati la gari, nikaligonga mara mbili.

"Hii ni nini?"

"D," akasema kwa shida. "Nilikuwa nakuita. Kila nikianza nakumbuka hiyo huna, naacha."

Gari lilikuwa likirukaruka kwenye mashimo. Nilimshika mkono, nikaukwaruza kiganjani kwa ukucha, nikaugonga mara mbili.

"Endelea," nikamwambia. "E ninayo."