Hodi ya Tatu

Usiku wa jana niliota chuo chetu cha ualimu kimeamua kunitundika ukutani. Si picha yangu, mimi mwenyewe. Misumari ilishapimwa.

Hilo halikunishangaza sana, maana barua ya kweli ninayo: Jumamosi hii jina langu linaandikwa kwenye Ukuta wa Heshima, miaka thelathini tangu niwe mchezaji bora wa besiboli kuliko wote waliopita pale. Kilichoniudhi ni kwamba misumari ilikuwa na kutu.

Mgeni rasmi ni gongo langu la zamani la kupigia mpira. Limevaa suti na linasoma wasifu wangu: nimepiga mipira arobaini na mmoja nje ya uwanja, nimeiba vituo kumi na tisa.

"Ameiba nini?" anauliza askari aliyeketi mstari wa mbele.

"Vituo, afande. Ni lugha ya mchezo tu. Mrusha mpira akizubaa, unakimbilia kituo kinachofuata," namjibu.

"Cha kwetu kilikuwa na mahabusu wanne na meza mpya. Kiko wapi?"

Najipapasa. Kituo kimo mfuko wa nyuma, mahabusu wananiangalia kwa aibu. Nakirudisha, askari anahesabu watu wake na kushukuru.

Refa anafungua kitabu. Yeye ni barakoa tu, ndani hamna kichwa.

"Sebarua, hapa pana dosari. Siku ya fainali hukufika nyumbani."

Nacheka kwa hasira. Fainali ile ndiyo iliyonipa jina! Nilizunguka vituo vyote, nikakanyaga kibao cha nyumbani kinachomaliza mzunguko, tukashinda, nikabebwa juu juu.

"Ulinikanyaga mimi," kinasema kibao kutoka chini. "Mimi ni kipande cha mpira chenye pembe tano, naitwa tu Nyumbani. Simu ya maandishi ya dada yako ilisema rudi nyumbani, mama yu taabani."

Ni kweli. Nilikaa nayo ndani ya soksi siku nzima. Mama alizikwa kesho yake saa kumi, mimi nikiwa napiga picha na kombe. Dada yangu, Mwantumu, hajaitikia salamu zangu tangu hapo, nami sijatia mguu kwetu Muheza. Naona haya kuyaandika haya.

"Basi kamalizie," anasema refa.

Mstari wa chokaa unatoka uwanjani, unapita katikati ya michungwa na kuishia mlangoni kwetu. Nakimbia. Magoti ni ya leo, yanauma vibaya. Refa ameshafika, amechuchumaa nyuma yangu.

"Sheria unaijua. Tatu zikikupita, umekufa."

Uwanjani, mpigaji akikosa mipira mitatu, neno hilo lilimaanisha nenda kando ukanywe maji. Hapa kuna mtu anachimba karibu na kaburi la mama, na kila mara anasimama kunipima urefu kwa jicho.

"Hodi!"

"Moja," anasema refa.

"Hodi, Mwantumu! Ni mimi, kaka yako!"

Ndani nasikia kandambili zikiburuzika, kisha zinasimama.

"Mbili."

Kwetu hodi ni tatu, usipoitikiwa unageuka ukaenda zako. Nafungua mdomo. Nimewahi kusimama mbele ya warushaji waliovunja watu mbavu na sikurudi nyuma, lakini mlango huu wa mbao unanishinda. Nafumba mdomo. Namwambia refa nimebadili mawazo, narudi chuoni kutundikwa.

"Kama upendavyo," anasema, anafunga kitabu.

Niliamka saa moja asubuhi. Nikajiambia ni ndoto tu, nikanyoosha mkono kuchukua simu nitazame saa. Kulikuwa na ujumbe kutoka namba nisiyoijua.

"Ni Mwantumu. Alfajiri umepiga hodi mara mbili ukaondoka. Nilikuwa nimeshashika komeo, nangoja ya tatu."