C Iko Upande Gani?

Mwalimu Gatakaa alikuwa amebandika karatasi ukutani asubuhi, na sasa alitamani upepo uje uibebe. Miezi mitatu amefundisha kompyuta kwa majaribio katika chuo kidogo cha ufundi nje kidogo ya mji wa Kanyakine, na leo kamati ilikuwa iamue: aandikwe kazi, au arudi kwa mamake kuchuma kahawa. Na kahawa, jamani, alikuwa hana hamu nayo hata kidogo.

Karatasi ilikuwa na safu mbili. Moja ya lugha za juu za kompyuta, zile zinazokaribia maneno ya watu. Nyingine ya lugha za chini, zinazoiamuru mashine hatua kwa hatua. Python ilikuwa kwa za juu, Asembli kwa za chini. Na C, maskini, aliiandika kotekote.

"Mwalimu," alisema mwenyekiti, Mzee Kiunga, mkulima wa majani chai kutoka kule juu kwenye baridi, karibu na msitu. Alikuwa amevua koti na anajipepea kwa faili. "Huyu C amejiandikisha mara mbili kama mtu wa mbolea ya ruzuku. Mtu asiyejua juu na chini atafundisha watoto wetu nini?"

"Swali zuri sana," akadakia katibu, Misheck, mzaliwa wa Ishiara, kule chini kwenye joto, huku akivuta kofia yake ya boshori hadi masikioni na kufunga vifungo vya sweta ya pili. Zuri wapi! Misheck hakujua kama C ni lugha au ni gredi.

Gatakaa akaona kitumbua chake kinaingia mchanga. Akamgeukia mpishi aliyesimama mlangoni. "Mama Karambu, tupatie chai."

Karambu akapanga vikombe, akawamwagia maji ya mikono, akamimina, akaomba mpaka akaombea mvua ya Oktoba. Wakasema amina, wakanywa.

"Hiyo ndiyo lugha ya juu," Gatakaa akasema. "Nimesema chai tu. Mengine yote yalikuwa ndani, hata maombi. Sasa Mzee, wewe uwe mashine. Fanya ninachosema, usiongeze kitu."

Mzee Kiunga, ambaye hajawahi kukataa cheo, akasimama wima.

"Shika chupa ya chai. Inua. Inamisha juu ya kikombe cha Misheck."

Mzee akainamisha. Kikombe kikajaa. Sahani ikajaa. Chai ikavuka meza, ikateremka kwenye suruali ya katibu.

"Mzee, wacha! Uuui, naungua!"

"Mwalimu hajasema niache," akajibu Mzee bila kupepesa jicho.

"Acha, acha!" Gatakaa akapiga kelele. Karambu alicheka hadi akakaa chini.

"Hayo nimeelewa," Mzee akasema akikaa. "Lakini C je?"

Mwalimu akaitazama karatasi ukutani. Akamwangalia Mzee, jasho linamtiririka shingoni. Akamwangalia Misheck, amelowa chai ya moto na bado anatetemeka ndani ya sweta mbili.

"Mzee, hapa Kanyakine ni juu au ni chini?"

"Chini! Huoni hili joto?"

"Chini gani?" Misheck akaruka. "Hapa ni juu kabisa! Ndengu yetu ya joto inaweza kumea hapa?"

"Na majani chai yangu je, yatamea hapa?"

"Hapa ni hapa," akasema Karambu, ambaye amezaliwa papo hapo. Hakuna aliyemsikiliza.

"Basi C ni Kanyakine," Gatakaa akawakatiza. "Ukitoka kwa Asembli, umepanda. Ukitoka kwa Python, umeshuka."

Mzee Kiunga akatoa barua ya kazi kwenye faili, akasimama tena wima. "Mashine inangoja, mwalimu."

Gatakaa akamsogelea. "Shika kalamu. Weka sahihi. Weka kalamu chini. Nipe barua."

Mzee akafuata yote. Gatakaa akaisoma barua. Haikuwa na muhuri! Barua bila muhuri ni ya kufungia njugu. Muhuri wenyewe ulikuwa pale mezani mbele ya Mzee, naye anauangalia, anatabasamu kama mtoto aliyeficha kiatu cha mgeni.

"Hukusema," akamwambia.

Uvumilivu ukamwishia mwalimu. "Tafadhali, Mzee, niajiri!"

Mzee akachukua barua, akaigonga muhuri, akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akampa kwa mikono miwili. Kisha akavua kofia na kuinamisha kichwa.

"Mama Karambu," akasema, "tuombee."