Tyubu Gotini

Mwanangu Ebiere alinyanyua vyuma hapa Yenagoa mpaka goti lake likaanza kusaga kama lina mchanga. Daktari akasema gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, asichuchumae na chuma kizito mabegani. Nilipomweleza Kocha Tari, akacheka.

"Mama Ebiere, uliona wapi mnyanyuaji ambaye goti halimlalamikii?"

Aliwafundisha wanyanyuaji wake kukata tyubu ya baiskeli na kujifunga magotini, wakaze hadi mguu ufe ganzi. Hapo maumivu hayasikiki, na mpira humsukuma mtu juu anapoinuka.

Asubuhi ya mchujo wa timu ya jimbo nilimkuta Ebiere akijifunga.

"Mwanangu, hayo maumivu unayanyamazisha tu, huyaponyi."

"Leo tu, mama. Wewe ungekuwa kocha, timu nzima ingeshinda imelala kitandani."

Kwenye mchujo alichuchumaa na chuma, hakuinuka. Goti lilikwama likiwa limekunjika, wakambeba hivyo hivyo. Tyubu ilikatwa kwa kisu.

Alipasuliwa, lakini mguu haunyooki. Sasa hushuka ngazi kwa makalio, na mimi nashuka mbele yake asiporomoke. Mzazi mwenzangu, mwanao akisema goti haliumi tena, mwambie kwanza afungue tyubu, achuchumae mbele yako.